Sanamu ya Mfuniko wa Rejeta kwenye Gari la Zamani: Kuisafisha, Kuifunga na Kuizuia Isiangalie Pembeni

Maswali ni yale yale kila wiki. Mtu kanunua sanamu ya ndege au ya malaika mwenye mabawa kwenye mnada wa mtandaoni, imefika imeviringishwa kwenye gazeti, sasa anauliza anaifungaje kwenye gari, anaisugua na nini, alafu baada ya wiki mbili anarudi kuuliza mbona ndege wake anaangalia geti la jirani badala ya barabara. Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka kwa hiyo leo naweka yote sehemu moja, ukiuliza tena nakuelekeza hapa.

Kabla hujashika spana elewa kitu kimoja tu. Ile sanamu inayokaa juu ya rejeta ya gari la zamani ni mfuniko wa sufuria inayochemka. Zamani rejeta ilikuwa nje kabisa mbele ya gari, na mdomo wa kujazia maji ulikuwa juu pale mbele ya macho ya kila mtu, ndo maana wenye magari wakaona mfuniko mtupu haupendezi wakaanza kuweka vitu juu yake. Maswali yote ninayopata ni ya sanamu, ila matatizo karibu yote ninayoyaona yako kwenye mfuniko.

Mfano wangu hapa ni Ford Model A, ile ya 1928 mpaka 1931, pamoja na kware wake anayeruka (na sio wale kware wa mayai tuliopeana matumaini nao Kenya 2013 na 2014, huyu hatagi). Nimeichagua kwa sababu Ford walitengeneza zaidi ya milioni 4 za gari hilo, spea zake za kopi bado zinatengenezwa, na rejeta yake haina presha, kwa hiyo ni gari zuri la kujifunzia. Kama gari lako ni jingine hatua ni hizi hizi, nitakwambia pale panapobadilika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Sanamu yenyewe, na bolti yake kama ilikuja nayo
- Mfuniko WA PILI wa kopi unaoingia kwenye rejeta yako. Sio ule wa asili. Narudia, sio ule wa asili
- Gasketi mpya ya mfuniko, ya mpira mgumu au ya koki
- Nati mbili za saizi moja, washa ya springi, na washa mbili za nailoni au faiba
- Silikoni ya gasketi inayovumilia joto
- Drili, biti ya milimita 3 na biti inayolingana na bolti yako, na panchi ya kutia alama
- Jiliwa, na vipande viwili vya mbao laini au ngozi vya kuweka katikati yake
- Kalipa, sumaku ndogo, na kipimo cha meno ya bolti (ukikosa, nenda na bolti dukani ujaribu nati moja moja)
- Sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki mzee, kitambaa cha pamba, selotepu ya karatasi ile ya wapaka rangi
- Miwani ya fundi

Zana ni hizo. Kilichobaki ni subira, na hiyo haiuzwi Kariakoo wala Gikomba.

Hatua ya 1: Jua umeshika chuma gani

Hapa ndo wengi wanaruka na ndo wanakoharibia. Sanamu za zamani zilitengenezwa kwa shaba ya njano, kwa bronzi, kwa zinki ya kumimina kwenye kalibu, nyingine aluminiamu, na chache kwa kioo. Juu yake wakapaka nikeli, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 wakahamia kromu.

Igeuze uangalie tumboni, pale chini ambapo hapajawahi kung'arishwa. Kwaruza kidogo sana na ncha ya kisu. Ukiona njano, ni shaba au bronzi, una bahati. Ukiona kijivu cha bluu kilichofifia, ni zinki. Zinki ni nyepesi kuliko shaba ukizipima mkononi, na ikizeeka inatoa vijipele chini ya kromu kama ngozi ya mtu aliyeumwa tetekuwanga. Sumaku ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida na uwezekano mkubwa ni kopi ya juzi. Ila angalia, ikivuta kidogoo tu usikimbilie kumtukana muuzaji, nikeli nayo inavutwa na sumaku.

Rangi ya juu nayo inasema. Nikeli ina uvuguvugu fulani wa njano, kama kijiko cha zamani cha bibi. Kromu ni baridi, ina ubluu. Mtu akikuuzia sanamu "ya 1915 haijaguswa" na inang'aa ki-bluu, basi imeguswa, maana kipindi hicho magari yalikuwa yanapakwa nikeli.

Na kama umenunua ile maarufu ya Rolls-Royce, yule dada aliyeinama mbele nguo ikipepea kama mabawa, soma maandishi kwenye kitako. Alichongwa na Charles Sykes mwaka 1911, baada ya kampuni kuchoshwa na wateja waliokuwa wanafunga madoli na vituko vya kila aina juu ya rejeta zao. Za mwanzo zimeandikwa jina la Sykes na tarehe ya Februari 1911, na maandishi yanatakiwa kuwa makali. Kopi nyingi zimemiminwa kwa kutumia sanamu ya kweli kama kalibu, alafu metali ikipoa inasinyaa, kwa hiyo kopi inatoka fupi kidogo kuliko mama yake na maandishi yamelegea kama sabuni iliyotumika. Ndo kazi ya ile kalipa, pima urefu ulinganishe na vipimo vya ile ya kweli ya mwaka huo huo.

Kama ni ya kioo, simama hapa. René Lalique wa Ufaransa alitengeneza sanamu za kioo kuanzia 1925, ya kwanza ikiwa farasi watano kwa ajili ya Citroën 5CV, na baadaye yule mwanamke wa nywele zilizopigwa na upepo anayeitwa Victoire. Zilifungwa kwenye kitako cha chuma na nyingine ziliwekewa taa chini, usiku zinawaka rangi. Zina bei ya nyumba. Kioo cha karibu miaka 100 juu ya rejeta inayotetemeka na kupata joto na baridi kila siku, hapana. Iweke kabatini. Na kagua saini: enzi za Lalique mwenyewe, aliyefariki 1945, inaandikwa R. LALIQUE, baada ya hapo ile R ikaondolewa. Mtu akikuletea ya "1928" isiyo na R, msalimie umrudishie.

Hatua ya 2: Osha, usisugue

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki. Basi. Pitisha mswaki katikati ya manyoya, chini ya bawa, kwenye shingo, suuza, kausha na kitambaa alafu iache juani nusu saa maji yaliyojificha kwenye tundu la bolti yatoke. Asilimia kubwa ya uchafu unaodhani ni kutu ni polishi kavu ya zamani iliyoganda, nyeupe nyeupe, na inatoka kwa kijiti cha meno.

Mimi kware wangu wa kwanza nilimfanyia vile mama zetu pwani walivyokuwa wanasugua masinia ya shaba, ndimu na majivu. Kwenye sinia inatoka kama dhahabu. Kware alikuwa zinki. Dakika kumi tu, tindikali ya ndimu ikaingia kwenye vile vijipele, kesho yake asubuhi nakuta kromu imevimba kifua kizima na kipande cha bawa ukikigusa na kucha kinabanduka. Bado ninaye, anakaa dirishani jikoni kama adhabu.

Kwa hiyo:

- Ndimu, siki, soda, dawa ya kutoa kutu: HAPANA kwenye zinki, na kwenye kromu yoyote yenye vijipele.
- Steelwaya ya sufuria na msasa: hapana kwa kitu chochote.
- Brasso ni ya shaba tupu. Nikeli ni tabaka jembamba, ukiisugua kila Jumamosi mwaka mmoja utaikuta njano kwenye pua na ncha za mabawa, na hapo hairudi mpaka ipakwe upya.
- Mashine ya kung'arishia ya gurudumu la kitambaa: mpaka uwe fundi wa kazi hiyo. Gurudumu likinasa ncha ya bawa linakunyang'anya sanamu linaitupa ukutani au usoni kwako, na haitoi onyo. Isitoshe ile vumbi ya kromu kuukuu sio ya kuvuta puani.

Bronzi ambayo imeshika weusi wa kahawia usiitoe huo weusi. Wanunuzi wanaulipia.

Vipi kuhusu kupaka kromu upya? Kama ni shaba, peleka, kazi ni ya kawaida. Kama ni zinki yenye vijipele jiandae kisaikolojia, kwa sababu kila kijipele inabidi kichimbwe kisafishwe, ijazwe kwa shaba tabaka juu ya tabaka, isuguliwe, ndo ije nikeli, ndo kromu ya mwisho, na karakana nyingi zinakataa kabisa kupokea zinki. Mwambie fundi kwa sauti kwamba hii ni zinki kabla hajaitumbukiza kwenye dawa zake. Na muulize anasugua kiasi gani kabla ya kupaka maana nimeona kware amerudi hana macho.

Hatua ya 3: Kagua mfuniko na shingo ya rejeta

Gari liwe la baridi. Sio "limezimwa dakika kumi zilizopita", baridi, la kulala usiku. Mfuniko wa Model A unazunguka robo duara tu unatoka, magari mengine mengi ya enzi hizo yana meno unazungusha mpaka mwisho.

Angalia vitu vitatu. Moja, gasketi, ikiwa imekauka na kupasuka toa weka mpya. Mbili, shingo ya rejeta, ishike uitikise taratibu, imelehemiwa kwa risasi na kama inacheza hata kidogo peleka kwa fundi rejeta kabla hujaitwisha mzigo wa ndege wa shaba. Usichukue toch ya gesi mwenyewe ukaipiga moto, risasi inayeyuka mapema sana na utalegeza na sehemu zingine ambazo zilikuwa hazina shida. Tatu, kile kipaipu chembamba cha kumwagia maji yaliyozidi, kinachoshuka pembeni ya rejeta kuelekea chini. Pitisha waya laini uone kama kiko wazi. Kwenye rejeta isiyo na presha hicho ndo kinachopumua, kikiziba mvuke unatafuta njia kupitia mfuniko na ndege wako anapigwa mvuke siku nzima.

ONYO KUBWA. Kama gari lako ni la baadaye, lenye rejeta ya presha, au mtu aliwahi kulibadilishia mfumo, ule mfuniko wa presha USIUTOBOE. Kamwe. Mfuniko ule una springi na vali, ukitoboa umetengeneza birika linalorusha maji ya moto. Magari hayo sanamu inakaa kwenye boneti, sio kwenye rejeta, na hii sio mada yetu.

Hatua ya 4: Toboa mfuniko wa kopi

Mfuniko wa asili ufunge kwenye kitambaa uweke na makaratasi ya gari. Siku ukiuza mnunuzi atauulizia.

Ule wa kopi ubane kwenye jiliwa katikati ya zile mbao, sio chuma kwa chuma. Tafuta katikati kwa kalipa, pima pande nne, piga panchi. Tanguliza biti ya milimita 3, polepole, tone la oili, ndo uje na biti ya saizi ya bolti. Usiangalie kwa jicho tu ukasema katikati ni hapa, mfuniko wa duara unaonyesha makosa vibaya sana na kila mtu ataona kware amekaa upande kama abiria wa bodaboda. Ukimaliza lainisha kingo za tundu kwa tupa, alafu osha uondoe vumbi la chuma lote, hutaki liingie kwenye rejeta.

Bolti: pima meno kabla ya kulazimisha nati. Sanamu za Uingereza na za Marekani hazitumii meno ya aina moja, na hizo zote mbili sio za milimita kama bolti za Toyota yako. Ikizunguka mzunguko mmoja na nusu ikagoma, hiyo sio ngumu, hiyo sio yake. Zinki ni laini, ukilazimisha meno yanakatika ndani na sasa una tatizo jipya.

Hatua ya 5: Unganisha, lakini usikaze bado

Mpangilio kutoka juu kushuka: sanamu, washa ya nailoni, mfuniko, washa ya nailoni ya pili, washa ya springi, nati ya kwanza, nati ya pili.

Ile nailoni ya juu watu wanaiacha wakiona haina kazi. Zinki na shaba zikigusana penye maji ya moto na mvuke zinaanza kulana, na anayeliwa ni zinki, yaani miguu ya ndege wako. Nailoni inawatenganisha. Pakaza silikoni nyembamba kuzunguka tundu chini ya mfuniko ili mvuke usipande kwenye bolti.

Kisha pima bolti inashuka kiasi gani chini ya mfuniko. Isiguse kitu chochote ndani ya shingo. Ikizidi, ikate na lainisha.

Nati ya kwanza ikae ya kushika tu, sanamu iweze kuzungushwa kwa mkono kwa shida kidogo.

Hatua ya 6: Mwelekeze mbele

Hii ndo hatua iliyonifanya niandike yote haya. Anayeanza anakaza sanamu kwenye mfuniko vizuri mezani, anafurahi, anaenda kufunga mfuniko kwenye rejeta, na mfuniko unapofika mwisho wa kukaza ndege anaangalia kushoto. Anarudisha nyuma kidogo ili aangalie mbele, na sasa mfuniko umelegea, maji yanatoka. Wengine wanaendesha hivo hivo miezi!

Mwisho wa kukaza wa mfuniko unaamuliwa na mfuniko, hauamuliwi na ndege. Kwa hiyo:

1. Weka gasketi mpya, funga mfuniko kwenye rejeta ukiwa na sanamu yake iliyolegea, kaza mfuniko kwa mkono mpaka mwisho wake halisi.
2. Rudi nyuma hatua kumi, simama mbele ya gari katikati. Mwambie mtu azungushe sanamu mpaka mdomo wa ndege ukutazame wewe. Alafu kaa kwenye kiti cha dereva uthibitishe, mkia unatakiwa uwe sawa na mstari wa katikati wa boneti.
3. Bandika selotepu inayopita juu ya kitako cha sanamu na mfuniko, chora mstari mmoja kwa kalamu ukatize vyote viwili.
4. Fungua mfuniko, geuza juu chini, mistari isiachane, sasa kaza nati ya kwanza. Mkono mpaka mwisho, alafu spana robo duara. Shika ya kwanza na spana moja, kaza ya pili juu yake na spana nyingine ili zifungane.
5. Subiri silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu, usiku mzima ni salama zaidi.

Gasketi mpya inajibana siku za kwanza, kwa hiyo mfuniko wa meno utazidi kuzunguka kidogo kila ukifungua na kufunga. Wenye meno, mwelekeze ndege akiwa amebaki nyuma kidogo ya mbele, unene wa kidole kimoja, atajisogeza mwenyewe. Wa Model A wenye robo duara hamna shida hiyo sana.

Hatua ya 7: Jaza maji ya kutosha, sio ya kufurika

Wengi wanajaza mpaka shingoni. Maji yakipata moto yanavimba, yanamwagika kwa kile kipaipu na mengine yanarushwa juu yanampiga ndege kwa ndani. Chungulia, ukiona maji yamefunika mirija ya juu ya rejeta, imetosha.

Kwa wenzetu wa Nairobi kuna la ziada. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya bahari na huko maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100, na rejeta isiyo na presha haina cha kukusaidia. Gari ambalo Mombasa linakwenda vizuri likipanda huko linachemsha kwenye foleni. Wanaopeleka magari kwenye Concours, yale mashindano ya magari pale Ngong Racecourse, najua mnaelewa, jua la saa saba, gari linaunguruma kwenye mstari wa kusubiri majaji, na sanamu imepata joto la kukaangia yai. Usiishike kwa mkono mtupu kumwonyesha jaji.

Hatua ya 8: Jaribu

Washa, acha liungurume dakika 15 limesimama. Pitisha kitambaa cheupe kikavu kuzunguka kitako, kikilowa rudi Hatua ya 5. Likipoa, nenda nalo kilomita tano hivi kwenye barabara mbovu kidogo (hii hautaitafuta sana), rudi, acha lipoe tena, jaribu kuizungusha sanamu kwa mkono. Ikicheza kaza tena. Baada ya safari tatu nne kagua mara ya pili, alafu basi.

Wenye MotoMeter

Ile ya duara ya kioo yenye mstari mwekundu sio sanamu kamili ila inakaa pale pale na maswali yake ni mengi. Boyce MotoMeter ilianza kuuzwa Marekani 1912, ni kipimajoto ambacho dereva alikuwa anakisoma akiwa kwenye kiti chake, mstari ukipanda ujue linakaribia kuchemsha. Mrija wake unaning'inia juu ya maji, unapima mvuke, hauogelei. Ndo maana wanaojaza rejeta mpaka juu ili "isome vizuri" wanajidanganya. Tundu lake litoboe la saizi yake kamili, na weka gasketi juu na chini. Usiikaze kwa kushika kioo, shika nati ya chini.

Wizi na sheria

Sanamu iliyofungwa kwenye mfuniko wa robo duara mwizi anaitoa kwa sekunde mbili, na anaondoka na mfuniko wako pia. Ukiegesha mjini itoe uweke mfuniko mtupu. Rolls-Royce za siku hizi sanamu inazama yenyewe ndani ikiguswa, sisi wengine tunatumia mfuko wa koti.

Na kwa mlioko Uingereza: gari lililoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 1937 au baadaye haliruhusiwi kubeba sanamu mahali inapoweza kumgonga mtu ikamuumiza. La kabla ya hapo linaruhusiwa. Hata hivyo bawa lenye ncha kwenye kifua cha mtoto halijui tarehe ya usajili, kwa hiyo mimi ndege mwenye ncha kali namfunga kwenye maonyesho tu.

Ikigoma

*Inaangalia pembeni baada ya wiki mbili.* Gasketi imejibana au nati zimelegea. Shika sanamu uizungushe: ikizunguka yenyewe ni nati, ikizunguka na mfuniko ni gasketi. Gasketi nyembamba ya pili chini ya ile ya kwanza mara nyingi inarudisha mambo.

*Inapiga kelele kama sarafu kwenye kopo.* Washa ya springi umeisahau. Au bolti inagusa shingo kwa ndani.

*Ina mistari ya kutu kifuani.* Hiyo sio kutu ya sanamu, ni maji ya rejeta yanayopanda. Gasketi, kipaipu kilichoziba, au umejaza kupita kiasi, kwa mpangilio huo huo kagua. Kama unatumia kulanti (ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta) futa haraka, inaharibu rangi ya boneti pia.

*Kromu inabanduka vipande.* Zinki chini yake inaliwa. Hakuna polishi ya kuzuia. Kausha, paka nta ya gari tabaka jembamba uzuie unyevu, na uiache mpaka upate hela ya kuipaka upya.

*Bawa au mguu umevunjika.* Kama ni zinki usimpe fundi wa welding wa mtaani, inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, atakurudishia donge. Toboa tundu dogo pande zote mbili, ingiza kipini chembamba cha chuma, gundisha na epoksi. Shaba ndo inaweza kulehemiwa.

*Mstari mwekundu wa MotoMeter umekatika katikati.* Itoe, iweke kwenye friza mpaka mstari wote urudi chini, alafu iache ipate joto polepole mezani. Usiipige kiberiti. Kama kilichomo ni cha fedha fedha badala ya chekundu, hiyo ni zebaki, usiichezee kabisa.

*Mfuniko umekwama hautoki.* Usivute kwa kushika sanamu! Hapo ndo miguu mingi ya ndege imekatikia. Gari liwe baridi, funga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kuzunguka mfuniko kwa nje dakika chache, mfuniko uvimbe kidogo, alafu vaa glavu za mpira ushike ukingo wa mfuniko wenyewe uzungushe huku mkono mwingine umeishika shingo ya rejeta. Rudia mara tatu nne. Ukiona shingo inazunguka pamoja na mfuniko, acha hapo hapo, lipakie gari upeleke kwa fundi rejeta, na ndege mtangulize kwenye boksi lake.